Uzoefu wangu: nimetengenezewa upya websaiti ya duka langu Moshi

Wenzangu wa hapa mjini na wawili watatu wa Arusha wamekua wakiniuliza websaiti yako umefanyiwa na nani mbona siku hizi inafunguka chap, kwaiyo naandika yote hapa. Mimi nakodisha vifaa vya kupandia mlima Kilimanjaro, majaketi, mabegi ya kulalia, buti, fimbo, taa za kichwani. Wateja wangu ni wageni wanaokuja na makampuni madogo, na wagumu wetu, yaani wapagazi, ambao wengi hawana jaketi la maana na wanapanda kesho yake.

Websaiti ya kwanza nilitengenezewa na fundi mmoja ambaye simtaji, nikatoa laki nane. Kwenye laptopu ya dukani ilikua inapendeza kweli, juu kabisa picha ya kilele cha Kibo inateleza, inakuja nyingine, inateleza, nakuja mimi nimeshika jaketi, alafu kinaruka kiboksi kinakwambia jiandikishe upate habari zetu. Kila aliyeiona alisifia. Ila meseji haziji. Juni inafika, wageni wamejaa mjini, simu kimya, mimi nikawa naamini ni ushindani tu.

Sasa siku hiyo kijana mmoja wa Soweto, anayefanya kazi za websaiti, alikuja kurudisha buti za kaka yake. Akafungua websaiti yangu kwenye simu yake aone bei ya jaketi, akasubiri, akasubiri, akaniambia dada, hii inakula bando. Akaingia PageSpeed Insights, ile ya Google ya bure, unaweka anwani ya websaiti yako inakupa alama mpaka 100, ya simu peke yake na ya kompyuta peke yake. Kwenye kompyuta nilikua na 71. Kwenye simu 23, nyekundu, na wateja wangu karibu wote wako kwenye simu. Google wanataka kile kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, changu kilichukua 14. Sababu ni zile picha za Kibo, kila moja ilikua na MB 5 hivi, zimepandishwa vilevile zilivyotoka kwenye kamera.

Tukaelewana laki nne na nusu, nusu nitume kabla, nusu akimaliza. Na hapa ndo nampa sifa zake, kwasababu hakukimbilia kuchora. Alisema tuwape kwanza watu 5 simu, kuna mtaalamu anaitwa Jakob Nielsen aliandika tangu mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kukuonyesha matatizo mengi ya websaiti. Unampa mtu kazi moja ya kutafuta, alafu wewe mwenye duka unakaa kimya, humsaidii, humuelekezi.

Wa tatu alikua mama mmoja wa Kijerumani aliyekua amekaa kwenye benchi anasubiri tumtafutie buti. Tukamuomba, tafuta bei ya kukodi begi la kulalia. Nilikua namuangalia dole gumba tu. Kagusa menyu, haijafunguka, kagusa tena. Kafika kwenye bei, kumbe bei zote zilikua ndani ya picha, herufi kama punje za ulezi, akaanza kuivuta kwa vidole viwili ikue kubwa, picha ikateleza ikaleta nyingine. Akarudi. Kiboksi kikaruka. Ile alama ya kukifungia iko pembeni kabisa, ndogo, akakosea akajikuta Facebook. Akatabasamu, akanirudishia simu, akaniuliza kwa mdomo, begi la kulalia ni shilingi ngapi?

Aisee mwili ulinisisimka. Mtu yuko dukani kwangu, websaiti yangu iko mkononi mwake, na bado anauliza bei.

Baada ya pale sikubishana na kijana kitu chochote. Picha zinazoteleza zikatoka, ikabaki moja ya vifaa, na picha zote akazigeuza kuwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, zikashuka mpaka KB mia na kitu kila moja na kwa macho sioni tofauti. Kiboksi kikaondoka. Bei zikawa maandishi ya kawaida, na kila kifaa kimeandikwa kile ambacho watu wanauliza kila siku dukani, mtu anayeenda kulala kambi ya Barafu kule mlimani, mita 4,673, hana haja ya kusoma maneno ya ubora wa kimataifa, anataka kujua hili begi linahimili nyuzi ngapi chini ya sifuri na buti namba 44 ipo au haipo. Hayo niliyaandika mwenyewe usiku mbili, kijana asingeweza kuyajua.

Maandishi yalikua ya kijivu juu ya nyeupe, ukitoka nje kwenye jua la saa saba huoni kitu, akayakoleza. Vitufe akavikuza, anasema angalau piseli 48 ili kidole cha mtu mzima kipate. Na kile kitendo cha ukurasa kuruka unapotaka kubonyeza, kumbe ni picha inachelewa kufika alafu inasukuma kila kitu chini, dawa yake ni kuitengea nafasi mapema. Fomu ilikua na maswali 11, mpaka anwani ya posta! Sasa kuna kitufe kimoja cha WhatsApp, na namba inaanza na 255, kwasababu ile ya zamani ilianza na 07 na mgeni akiwa kwao haimfikishi popote.

Alama ya simu sasa ni 94. Ila kwangu kipimo ni meseji, zamani mtu akija WhatsApp anaanza na bei gani, siku hizi anakuja na orodha kamili, jaketi saizi M, fimbo mbili, begi la kulalia, nachukua tarehe fulani, mimi namjibu tu kama vipo.

Kasoro zipo. Aliniahidi wiki mbili ikawa nne na katikati simu alikua hapokei, hilo nilimwambia usoni. Malipo ya kadi bado hayajawekwa. Na ukurasa wa Kiswahili wa wagumu umekamilika lakini sijauona ukiwa mkononi mwa mtu, kwaiyo Jumapili nimemuita tena, kuna wagumu vijana watatu wanashuka mlima kwa njia ya Mweka Jumamosi, wamekubali kuja kutafuta bei ya jaketi na mimi nikae kimya.