Darubini ya jua pale Forodhani, elfu tano yangu halali

Yakhe jana alasiri napita zangu Forodhani nkamkuta kijana na darubini yenye filta ya jua, elfu tano kuchungulia, nkasema haya. Wallahi madoa meusi nmeyaona! Akanambia jua kwenye mkanda wake wa katikati (ikweta) linajizungusha kwa siku kama 25, huko kwenye ncha 35 hivi, basi mistari ya sumaku inajisokota kama kamba ya makumbi, ikizidi kukazwa inakatika na kujiunga upya ndo mlipuko wa jua, mawingu ya gesi ya moto yanarushwa angani. Ya Mei 2024 yalitupiga huku duniani, dhoruba kali ya sumaku. Ila stendi inatikisika kila upepo ukivuma na foleni weee. Nendeni mapema, jua likishuka picha inachezacheza tu.