TAHADHARI: "Wakala" wa ruzuku za chuo kanipiga, asije akawapiga na nyie

Jamani, naandika huku mikono inatetemeka. Hali ya nyumbani tangu mwaka jana mnaijua, sirudii. Mdogo wangu kamaliza sekondari, kafaulu vizuri, ada ya chuo hatuna. Ndipo akatokea huyu mtu.

Alhamisi saa mbili usiku kanitumia barua yenye muhuri mwekundu, majina matatu ya mdogo wangu kwa herufi kubwa, hakuna hata moja lililokosewa. "Hongera dada yangu, kijana amepata Pell Grant ya Marekani, dola 7,395 kwa mwaka." Nikaingia mtandaoni kuhakikisha. Nikakuta ruzuku hiyo ipo kweli, hairudishwi kama mkopo, na kiwango chake cha juu ni hicho hicho! Nani asingeamini? Halafu sauti yake ya upole, mdogo wangu anamwita "mwanangu", hadi dua alituombea kwenye simu.

Baada ya dua: "Imebaki ada ya kuachia fedha tu. Robo saa ikipita, nafasi anapewa mwingine." Mdogo wangu kakaa pembeni yangu anaisoma ile barua kwa sauti, mara ya tatu sasa. Nikabonyeza namba ya siri. Nikakosea tarakimu ya mwisho, ikakataa. Nikarudia. Mungu alikuwa ananizuia pale, mimi nikarudia.

Jumamosi akataka "kodi", nikatuma. Jumatatu akataka tena, nilipoomba risiti akanifungia kila mahali. Miezi minne ya kushonea watu nguo, imekwenda.

Huyu mtu akamatwe, afungwe, na kila senti airudishe! Unamlia pesa mtoto wa watu huku unamwombea dua? Na aliyeleta namba yake kwenye kundi ajitokeze aseme anamjuaje, maana mpaka leo kakaa kimya.

Dalili zilikuwepo. Hatukuwahi kuomba ruzuku yoyote, sasa ameipataje? Pell hupewa raia wa Marekani na baadhi ya wakazi halali wa kule, sisi hatumo kabisa. Fomu yake, FAFSA, hujazwa bure, neno bure limo hadi kwenye jina lake, ile F ya mwanzo ni "Free". Pesa hupitia chuoni, si kwa wakala. Na yale majina yaliyonilainisha moyo aliyatoa kwenye cheti nilichomtumia mimi mwenyewe wiki moja kabla. Nina hasira jamani, mwizi mkubwa huyu, asipewe hata dhamana!

Bado ana nakala ya cheti cha mdogo wangu na kitambulisho changu. Akikutafuta mtu na habari za Pell na "ada ya kuachia fedha", usimjibu. Piga picha ya meseji unitumie usiku huu huu, kesho asubuhi nakwenda polisi na zote.