Kitabu cha maswali ya riwaya kwa watoto wa P7 (darasa la saba la msingi Uganda), nimekitumia wiki tatu

Nilikinunua dukani pale Nasser Road, Kampala, pamoja na riwaya yenyewe ya watoto, elfu ishirini na tano zote mbili, maana binti yangu yuko P7 na kwenye karatasi ya Kiingereza ya PLE, ule mtihani wa taifa wa kumaliza msingi, sehemu B peke yake ina maki 50, na hapo kwenye kifungu cha kusoma ndo anapoangukia kila mara.

Kilichonifurahisha ni maswali ya kila chapta, siyo yale ya "jina la mbwa ni nani" tu. Chapta ya nne wanauliza kwa nini kijana aliificha barua chini ya godoro, na kitabuni hawajasema wazi, mtoto lazima arudi nyuma aunganishe mwenyewe. Binti wangu kwanza aliandika "aliogopa", neno moja, basi. Nikamwambia, "Mwanangu, UNEB, hao baraza la mitihani, wanataka sentensi kamili," akanuna weee, lakini sasa hivi anaandika bila kukumbushwa.

Sasa ubaya. Majibu ya nyuma, chapta ya saba yote imerukwa, na staplesi zilianza kuachia wiki ya kwanza, nimeshona na uzi. Nilirudi kuuliza wakaniambia eti ndo ilivyochapwa, hata pole hakuna.

Alafu maswali ya shairi na tangazo hamna kabisa, hayo tafuta pepa za zamani. Ila kwa kifungu, kinunue, uhesabu kurasa kwanza kabla hujatoa hela.