Tikka T3x yangu ya kuwindia mbali: nilichobadilisha na nilichoacha kama kilivyotoka kiwandani

Nimeulizwa sana na jamaa wa huku Idaho, Marekani, ambao wameanza kuwinda, kwamba ukinunua bunduki ya dukani uanze kubadilisha nini ili iweze kazi ya mbali, na kila mmoja tayari keshashikwa masikio na video za watu wanaong'oa kila kitu wanabaki na bolti tu. Mimi nasema kabisa, mtutu uache. Pesa yako weka kwenye darubini, kitako (ule mwili wa bunduki unaobeba mtutu na chuma chote) na risasi, kwa mpangilio huo huo.

Yangu ni Tikka T3x Lite, bunduki ya bolti, kalibari 6.5 Creedmoor, inatengenezwa na Sako kule Ufini. Mtutu ni inchi 24 na kidogo, ikiwa tupu bila darubini ni kama kilo 3 hivi, nyepesi kweli kweli. Nawinda zaidi Owyhee, kusini magharibi mwa jimbo, jangwa la vichaka na makorongo, unatafuta mule deer, aina ya kulungu, na ukibahatika kupata kibali unatafuta pronghorn, mnyama wa kufanana na swala, na kule mnyama ana macho, anakuona wewe bado unahangaika na mkoba wako. Yadi 300 au 400 kule ni kawaida. Ndiyo maana nilitaka kitu kinachopiga pale pale ninapokilenga, na mimi ni Muislamu, natamka Bismillah kabla ya kufyatua na nyama inaenda nyumbani kwa watoto, sasa mnyama kukimbia na risasi ya tumbo akafie korongoni usiku sitaki hata kuiwazia.

Kwa nini mtutu niliuacha? Kwa sababu Tikka wenyewe wanakuhakikishia risasi tatu ndani ya MOA moja, MOA ni kipimo cha pembe cha kupimia shabaha, na MOA moja ni inchi moja na chenga kwa kila yadi 100, maana yake kwenye yadi 400 ni duara la inchi nne na kitu. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ni kubwa kuliko hapo mara mbili. Tena mtutu wa 6.5 una mzunguko wa 1 kwa 8, yaani mfereji unaizungusha risasi mara moja kila inchi 8, unatosha kabisa kwa risasi ndefu nzito za kuwindia. Mtutu mpya wa fundi pamoja na kazi yake unakaribia bei ya bunduki nzima. Ukishauchosha huu wa kiwandani kwa kupiga sana, hapo sawa, badilisha.

Triga nayo sikununua mpya. Ya Tikka inarekebishika kwa ufunguo wa Allen, kuanzia pauni 2 hadi 4 hivi za nguvu ya kidole, mimi nimeiweka mbili na nusu na ni safi, inavunjika kama kioo chembamba, haina kuburuta. Kuna watu wanaweka springi za kampuni nyingine ishuke chini ya pauni moja na nusu, hiyo ni ya kwenye meza ya shabaha. Oktoba asubuhi na mapema vidole vina ganzi, una glavu, mapigo ya moyo yako juu kwa sababu umetoka kupanda kilima, triga nyepesi hivyo itakufyatukia kabla hujaamua.

Sasa kitako. Kile cha plastiki kilichokuja nayo ni chepesi na kwa kuwinda karibu hakina shida yoyote, lakini mimi napiga nikiwa nimelala, baipodi (miguu miwili ya kusimamishia bunduki) mbele, na plastiki nyembamba ukiegemeza uzito kwenye baipodi inapinda kidogo ikautafuta mtutu, na mtutu ukiguswa shabaha inahama. Nikaagiza kitako cha faibaglasi kwa kampuni ambayo siitaji jina, wakaniambia wiki kadhaa, ikawa miezi, simu hazipokelewi, na kilipofika nafasi ya ndani ilikuwa imechongwa si sawa, ukikaza skrubu ya mbele unaona kabisa bunduki inajisogeza. Kipimo chake ni rahisi na kila mtu akijue: shika mtutu na ncha ya kitako pamoja kwa vidole viwili, halafu legeza na ukaze ile skrubu ya mbele taratibu. Ukihisi vidole vinasukumwa, hata kidogo, bunduki haijakaa, imepinda kwa nguvu ya skrubu. Kipimo cha pili chukua noti ya dola uipitishe kati ya mtutu na kitako mpaka ifike kwenye chemba, pale nyuma risasi inapokaa, ikikwama popote mtutu unagusa.

Kwa hiyo nikafanya bedingi mwenyewe gereji, yaani kumimina epoksi ndani ya kitako ili chuma kikae sawasawa. Unakwaruza ndani ya kitako kwa msasa mpaka rangi itoke na faibaglasi ionekane, unaziba matundu ya skrubu na kila tundu dogo kwa udongo wa kuchezea watoto, unafunga tepu kwenye mtutu ili ukae katikati, halafu chuma chote unakipaka dawa ya viatu ya Kiwi ile isiyo na rangi, ndiyo hiyo hiyo ya shuleni, unapaka, unaacha ikauke, unapaka tena, kila kona, kwa sababu epoksi ikishika chuma hutoi tena. Ile pingili ya chuma inayopokea teke (bunduki inavyorudi nyuma ikifyatuliwa), ambayo kwa Tikka inakaa kwenye kitako na siyo kwenye bunduki, nayo inakaa ndani ya epoksi ila mbele na pembeni unaweka tepu ili ibane upande wa nyuma tu. Nilitumia Marine-Tex ya kijivu, nikachanganya polepole isiingie mapovu, nikaweka bunduki juu ikakaa kwa uzito wake bila kukaza, nikaondoka mpaka kesho yake. Ilipotoka ilitoa mlio mmoja wa pah, na ndani kuna alama ya kila mstari wa chuma, mpaka zile herufi ndogo za chini zinasomeka kinyume. Nilifurahi sana siku hiyo sijui niseme nini.

Skrubu za kitako nakaza inchi-pauni 45, za ringi za darubini 18, kwa bisibisi ya kupimia, siyo kwa kukisia kwa mkono. Hicho kifaa kinunue kabla ya urembo wowote.

Darubini ni Leupold VX-5HD ya 3-15x44, na ndiyo imezidi bei ya bunduki yenyewe na sijutii hata senti. Kitufe cha juu, kile cha kuzungusha kupandisha lengo, kina kufuli kwenye sifuri, yaani pale ulipoiseti, kwa hiyo hakijizungushi ukisugua kwenye vichaka, ukikibonyeza unazungusha, kila mlio robo MOA. Leupold wanakupa na kitufe kimoja bure kilichochongwa yadi kulingana na risasi yako, ni kizuri, ila mimi nimebaki na cha MOA kwa sababu kile cha yadi kinachongwa kwa mwinuko mmoja na joto moja, na mimi siku moja niko bondeni siku nyingine niko juu mlimani kwenye barafu.

Risasi natumia Hornady Precision Hunter, ELD-X yenye uzito wa grini 143, inatoka futi 2,700 kwa sekunde kwa maandishi ya boksi. Ukiiseti ipige katikati kwenye yadi 200, kwenye 300 imeshuka inchi 8 hivi, kwenye 500 imeshuka zaidi ya inchi 40. Kushuka siyo tatizo, unazungusha kitufe basi. Tatizo ni upepo: maili 10 kwa saa kutoka ubavuni unaisukuma zaidi ya inchi 15 kwenye hizo yadi 500, na korongoni upepo wa kwako na upepo wa kwa mnyama ni pande mbili tofauti. Hakuna kitu cha kufunga kwenye bunduki kitakachokusaidia hapo. Mpaka wangu ni yadi 450, upepo ukiwa mkali nasogea au naacha.

Matokeo: kabla risasi zilikuwa zinakaa ndani ya inchi moja yadi 100, baada ya kitako na bedingi ni robo tatu ya inchi au pungufu, lakini faida kubwa siyo hiyo, ni kwamba sasa ya kwanza ya asubuhi, mtutu wa baridi, inaenda pale pale. Na msidanganyike na picha za risasi tatu, pigeni kumi. Mtutu huu ni mwembamba, ukiupiga haraka unapata moto na tundu zinatawanyika, pumzisha kati ya risasi na risasi.

Breki ya mdomoni, kile kipande cha mwisho wa mtutu cha kupunguza teke, sijaweka na sishauri kwa 6.5, teke lake ni dogo tayari na breki inamtesa masikio mwenzako aliyelala pembeni.

Sheria za Idaho kwa wanyama wakubwa: bunduki isizidi pauni 16 na vyote vilivyofungwa juu yake, na usifunge kifaa cha umeme, labda darubini yenye taa kwenye msalaba tu. Kipima umbali kaa nacho mkononi. Aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1975 lazima apite kozi ya uwindaji kabla ya leseni ya kwanza. Na kwa ndugu zangu wenye green card, ndiyo, mnaruhusiwa kununua, unajaza fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununua bunduki, dukani na wanakukagua, beba kadi yenyewe na kitambulisho chenye anwani unayoishi sasa hivi, anwani ya zamani watakurudisha.