Mfarishi wa Mtoto: Lebo Inasema 100 kwa 100, Mbona Una 96?

Haya, karibuni. Leo mezani kuna mifarishi mitatu ya mtoto, yote kazi ya mafundi, viraka vya kitenge mbele, pamba katikati, kitenge kizima nyuma. Matabaka mnayajua, sitayarudia. Kilichonileta hapa ni lebo. Zote tatu zimeandikwa "saizi ya mtoto". Mtoto yupi jamani? Anazaliwa na sentimita kama 50, akitimiza mwaka anacheza kwenye 75, miaka mitano anafika kama 110. Lebo moja imewabeba wote hao, utafikiri daladala ya saa kumi na mbili jioni.

Mdogo huu ni 75 kwa 90. Wa kati 100 kwa 100. Mkubwa 120 kwa 150. Nawaambia mapema ili msiondoke: wa kati nimeupenda, mdogo sina haja nao, na mkubwa umenikera. Si fundi aliyenikera, mishono yake imenyooka. Ni ile kauli inayouzwa pamoja nao: "Chukua mkubwa, mtoto atakua nao."

Sikiliza. Mwaka wa kwanza mfarishi hauingii kabisa mahali anapolala mtoto. Mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2022 unasema hivyo wazi: chini ya miezi 12, anapolala pasiwe na blanketi, mto wala mfarishi. Godoro gumu, shuka iliyokazwa, basi. Kitu laini kikimfunika pua hana nguvu ya kukiondoa. Kwa hiyo miezi 12 yote hiyo, mfarishi wako kazi yake ni sakafuni, mtoto yuko macho, wewe upo, na unakaa CHINI yake, haumfuniki. Shirika la Afya Duniani nalo, mwongozo wa 2019, linataka mtoto ambaye bado hatambai alazwe kifudifudi akiwa macho angalau dakika 30 kwa siku, kwa vipande vipande. Hizo dakika 30 ndizo unazozinunulia mfarishi. Sasa saizi ichague kwa sakafu, usiichague kwa kitanda.

Nashusha kamera. Mnaona? Huyu ni mwanasesere wa sentimita 50, ndiye mtoto wetu wa leo. Namlaza katikati ya ule wa mita moja. Kichwani zimebaki 25, miguuni 25. Namviringisha mara moja kulia, bado yuko ndani. Sasa namhamishia kwenye mdogo, namlaza kwa upande wa 75. Kichwani 12 na nusu. Namviringisha mara moja... kichwa ukingoni. Mara ya pili, yuko kwenye vigae. Na mtoto halisi anayeanza kujiviringisha, miezi minne mpaka sita, hana tena sentimita 50, anakaribia 65.

Kama nyumbani huna futikamba, hesabu vigae. Vigae vya 30, mita moja ni vitatu na kipande. Vya 40, viwili na nusu. Vya 60, kimoja na theluthi mbili. Tandika kanga sakafuni, ikunje mpaka ifike hapo, halafu tazama mlango unafunguka? Meza ya kioo inagusa? Hapa ndipo mkubwa unapoanguka. Sebule yenye makochi mawili na meza, 120 kwa 150 haitandiki. Unaukunja upande mmoja, mkunjo unakuwa tuta, na lile tuta linakaa hasa chini ya kifua cha mtoto. Sakafu ukiwa nayo kubwa, sawa, sikatai, tandika.

Sasa kile nilichokiandika kwenye kichwa cha video. Msiende, hapa ndipo penye hela yenu.

Huu wa kati umeuzwa kama 100 kwa 100. Naupima ukingo wa juu: 101 na nusu. Safi, unasema nimepata zawadi. Ukingo wa chini: 101. Sasa tazama, nauzungusha, napima KATIKATI, kutoka ukingo mpaka ukingo: 98. Umeona? Sentimita tatu na nusu zimepotelea wapi? Sogeza macho hapa kwenye ukingo. Unaona unavyocheza mawimbi? Fundi alipokuwa anashona utepe wa ukingo, kitambaa kilivutika, au utepe ulikatwa mrefu ukatandazwa tu bila kupimwa. Ukingo ukawa mrefu kuliko tumbo. Ukitandika sakafuni unainuka, na mtoto anayetambaa anakwama pale pale. Dawa yake ni ya fundi: apime katikati mara tatu, achukue wastani, urefu wa utepe ufuate hiyo namba, halafu abane kwa pini kuanzia katikati kwenda pembeni. Wewe mnunuzi kazi yako ni moja: ukitumiwa picha ya futikamba iko ukingoni, omba picha ya katikati. Kisha pima kona kwa kona, pande zote mbili. Huu ni 139 na 140, sawa, umekaa mraba. Zikitofautiana sentimita tatu, una mfarishi uliopinda, na kupinda hakutoki kwa pasi.

Bado hatujaosha. Pacha wake huu hapa, fundi yuleyule, vipimo vilevile, umeshaoshwa mara moja kwenye beseni kwa maji ya kawaida na kukaushwa. Katikati: 96 kwa 95. Hiyo ndiyo 96 ya kwenye kichwa. Si wizi. Pamba ya katikati ikishika maji inarudi, mara nyingi asilimia 3 mpaka 5, na kitenge kipya kina gamu ya dukani, ikitoka nyuzi zinakaribiana. Kama fundi angekiosha kitenge kabla ya kukata, kingerudi mapema, na hivi vikunyanzi mnavyoviona vingekuwa vidogo. Wapo wanaovipenda vikunyanzi, wanasema ndio uzuri wa mfarishi. Mimi pia, mradi niambiwe saizi baada ya kuosha.

Kuna upotevu wa tatu, nao umejificha kwenye mshono wa viraka. Chukua kalamu. Fundi amekata viraka vya 14 kwa 14, nane kwenda, nane kushuka. Mfarishi unashonwa kwa mshono wa milimita 6, kwa hiyo kila kiraka kinapoteza milimita 12, kinabaki 12.8. Mara nane, 102.4. Ukishindilia mishono ya kushika pamba unavuta sentimita moja au mbili, unabaki na mia moja yako. Vizuri. Sasa fundi wa magauni mkono wake umezoea kuacha sentimita moja, ndivyo alivyofundishwa na kwenye gauni yuko sahihi. Kila kiraka kinabaki 12. Mara nane ni 96, kabla ya mishono ya juu, kabla ya maji! Ukimaliza kufua uko kwenye 91 au 92, na umelipia mita. Kama unamwagiza fundi wa nguo, mwambie kwa maneno haya: mshono milimita 6, ama ukiacha sentimita moja basi kata 15. 15 kutoa 2 ni 13, mara nane 104. Umeshapata nafasi ya kurudi.

Mnaniuliza kwa nini naing'ang'ania mita moja na si 110. Kitenge. Upana wake ni kama sentimita 112 mpaka 115, toa ukingo wenye maandishi ya kiwanda. Kitambaa cha nyuma lazima kizidi mfarishi sentimita 5 kila upande, kwa sababu wakati wa kushindilia matabaka yanatembea, na kisipozidi unafika mwisho nyuma kumepungua, pamba iko nje. 100 jumlisha 10 ni 110. Umo ndani ya kitenge, kipande kimoja, hakuna kiungo. Ukitaka 110 ya mfarishi unahitaji 120 nyuma, kitenge hakifiki, fundi ataunga. Kuunga si dhambi, ila kiungo kisikae katikati kabisa, maana hapo ndipo mfarishi unapokunjwa kila siku, na mshono wake ufunguliwe kwa pasi pande zote mbili usiwe kamba mgongoni mwa mtoto. Mkubwa huu... nageuza... unacho, na kimewekwa katikati kabisa. Hilo nalo limenikera.

Kanga je? Kanga moja ni kama 110 kwa 150, kwa hiyo inakubali mfarishi mpaka 100 kwa 140. Lakini kitambaa chake chepesi kuliko kitenge, pamba ikiwa ya bei rahisi nyuzi zinachungulia. Na ukikata ovyo, pindo linabaki upande mmoja na jina linakatwa nusu. Mfarishi wenye nusu ya methali mgongoni, watu watajazia wenyewe, usinilaumu.

Bei. Usilinganishe bei kwa bei, linganisha eneo. Mdogo ni mita za mraba 0.675, wa kati ni 1, mkubwa ni 1.8. Ukitajiwa elfu 60 kwa wa kati, mdogo wa kazi ileile uwe kwenye elfu 40 na kidogo, mkubwa kama elfu 108. Ukiambiwa mkubwa ni elfu 75, angalia mishono ya kushika pamba: nafasi ya katikati imeachwa upana wa mkono mzima? Hapo ndipo walipopunguza. Pamba isiyoshikwa inajikusanya baada ya kufuliwa mara chache, unabaki na mifuko mitupu na mabonge. Pamba nyingi za katikati zina maelekezo ya umbali wa mishono kwenye karatasi yake. Usipoyaona, taka isizidi sentimita 10.

Mpinzani wake, najua mtaandika chini: blanketi la manyoya la kiwandani, lile la kwenye mfuko wa zipu. Sina ugomvi nalo. Poliesta hairudi, lebo ikisema 100 ni 100 mpaka mwisho, na linakauka haraka. Ila kwenye vigae linateleza, mtoto anasukuma miguu linaondoka naye, na mchana wa Dar es Salaam mwezi wa pili, kifua juu ya poliesta... hapana. Kwa baridi ya Njombe au Limuru nakuelewa.

Halafu naomba nirudishe maneno kuhusu mdogo. Nimeuweka kwenye mizani hapa: gramu 300. Wa kati 440, mkubwa 790, na hiyo ni mikavu. Uloweshe mkubwa kwenye beseni kisha uuinue peke yako uniambie, na kwenye kamba utandaze juu ya kamba mbili, moja inavuta mishono. Mdogo unaingia kwenye mkoba wa kliniki, unatandikwa juu ya benchi, na kwenye kigari cha mtoto ni wenyewe hasa: 75 ya upana haishuki mpaka kwenye magurudumu, mita moja inashuka. Miguuni tu lakini. Usifunike kigari kizima kukinga jua, ndani joto linapanda. Kwa hiyo mdogo si wa kutupa. Ni wa kutoka nao nyumbani, sakafuni ndio haufai. Nilikosea kuanza nao kwa dharau.

Mkubwa nao una siku yake, mtoto akishapita mwaka na amepewa godoro. Futi 3 kwa 6 ni upana wa 91. Mfarishi wa 120 unazidi 14 na nusu kila upande, unafunika karibu ubavu wote wa godoro la inchi 6, na urefu wa 150 unamtosha mtoto wa miaka mitano kutoka miguu mpaka kidevu na zaidi. Wa mita moja hapo unazidi sentimita nne na nusu tu kila upande, akigeuka mgongo uko wazi. Ila uhesabu baada ya kufua, 120 inakuwa 115. Na futi 4 kwa 6 wakilala wawili, upana ni 122: hakuna mfarishi hapo, kuna vita.

Kwa hiyo ukiagiza, usiandike "saizi ya mtoto". Nakili hii: "Naomba 100 kwa 100 ikipimwa katikati, baada ya kuoshwa mara moja, kitenge kioshwe kabla ya kukatwa, mshono milimita 6, nyuma kipande kimoja kitenge kikitosha, kisipotosha kiungo kisikae katikati, bila vifungo wala shanga." Vifungo vinang'oka na vinaingia mdomoni. Na kama anataka kuhesabu kurudi mapema, akate ili atoke 104 kabla ya maji.

Jumamosi nawaletea pamba za katikati, aina tatu, tutazilowesha zote kwenye beseni moja na kupima. Mkubwa unarudi kwenye mfuko, fundi wake nitamwandikia kuhusu kile kiungo. Kitufe mnakijua kilipo.