Kifaa cha Kulinda Vyombo vya Umeme Nyumbani: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Mtu anayeingia duka la vifaa vya umeme Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, akaomba kitu cha kuzuia televisheni na friji visiungue, mara nyingi hutoka na stabilaiza (kifaa cha kusawazisha volti) kubwa kuliko mahitaji yake au na ekstensheni yenye taa nyekundu. Vyote viwili vina kazi yake, lakini si lazima vizuie kile kinachounguza vyombo katika mtaa wake. Kabla ya kuvipanga vifaa kwa ubora, ni vyema kujua vinapambana na nini.

Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230 na Kenya ni wa volti 240, na vyombo vingi huvumilia kupanda au kushuka kidogo. Hatari ya kwanza ni umeme mdogo, ambao huonekana zaidi jioni mtaa mzima unapowasha taa na kupika. Volti zikishuka hadi 170 au chini yake, kompresa ya friji inapotaka kuanza hushindwa kuzunguka, huvuta ampea nyingi, hupata joto na mwisho waya zake za ndani huungua. Hatari ya pili ni umeme mkubwa unaodumu kwa sekunde kadhaa au hata dakika, na chanzo chake kibaya kuliko vyote ni nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, iliyokatika au kulegea kwenye nguzo. Nyutro ikitoka, nyumba zilizounganishwa kwenye fezi tofauti (waya zinazoleta umeme) hubaki zimeungana kati ya fezi na fezi, ambako kuna volti 400 hivi, na nyumba yenye matumizi madogo ndiyo inayopata sehemu kubwa ya volti hizo. Ndiyo maana aliyeacha friji na televisheni peke yake huunguliwa, ilhali jirani anayepiga pasi anaona taa zake zimefifia tu. Hatari ya tatu ni mshindo wa volti maelfu unaopita kwa muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde, ukiletwa na radi au na kuwashwa na kuzimwa kwa mitambo mikubwa.

Fyuzi na sakiti breka sizipangi humu, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya dhidi ya ampea zilizozidi. Fyuzi ya ampea 13 iliyomo ndani ya plagi ya pini tatu haijui volti ni ngapi, na hadi ikatike, vifaa laini vya kielektroniki vimekwisha kufa.

Nafasi ya kwanza: kikata umeme kinachopima volti

Kwa nyumba ya kawaida ya Afrika Mashariki, hiki ndicho cha kununuliwa kwanza, kwa sababu kinashughulikia hatari mbili za mwanzo, nazo ndizo zinazotokea mara kwa mara. Cha bei nafuu ni kile cha kuchomeka kwenye soketi, ambacho madukani huitwa friji gadi au TV gadi, na Sollatek ni miongoni mwa majina yaliyozoeleka. Ndani yake mna kipimo cha volti na rilei, yaani swichi inayojiendesha yenyewe: volti zikishuka au kupanda kupita kiwango kilichowekwa, rilei hukata, na umeme ukitulia kifaa husubiri kabla ya kurudisha. Kusubiri huko ndiko kunakookoa friji. Kompresa iliyozimika ghafla ina shinikizo la gesi upande mmoja, na ikiwashwa kabla shinikizo halijalingana hukwama na kuvuta ampea nyingi mno. Kwa hiyo kifaa cha friji kinapaswa kusubiri dakika tatu hivi au zaidi, wakati cha televisheni kinaweza kusubiri sekunde chache tu.

Hapo dukani kijaribu mwenyewe. Mwambie muuzaji akichomeke, taa ya kijani iwake, kisha azime swichi na kuiwasha tena papo hapo. Kifaa halisi cha friji kitaonyesha taa ya kusubiri na hakitapitisha umeme hadi muda wake utimie. Kinachorudisha umeme mara moja ni soketi yenye taa na kisilipiwe bei ya ulinzi. Jaribio hilo lifanywe kwa kuzima na kuwasha haraka, kwani vipo vizuri vinavyofupisha kusubiri ikiwa umeme ulikatika kwa muda mrefu. Angalia pia ampea zilizoandikwa: kwa friza kubwa chukua cha ampea 13, na kwa kiyoyozi tafuta cha ampea 30 kinachofungwa ukutani na fundi.

Mwenye uwezo zaidi anunue kile cha kufungwa kwenye reli ndani ya mein switchi, chenye namba zinazoonyesha volti muda wote, kwa kuwa kimoja kinalinda nyumba nzima. Kifungwe baada ya sakiti breka kuu. Viwango hupangwa kwa vitufe, na mimi ningeweka kukata kwa chini kwenye volti 185, kukata kwa juu kwenye 260, na kusubiri sekunde 180 au zaidi kwa ajili ya friji. Tahadhari ni moja: vingi vya bei ya chini vimeandikwa ampea 63 lakini rilei yake haistahimili mzigo huo siku nzima, hivyo cha ampea 63 kitumike kwenye nyumba ambayo breka yake kuu ni ya ampea 32 au 40.

Nafasi ya pili: kinga ya mshindo kwenye mein switchi, pamoja na ethi

Kikata volti hakiwezi kuzuia radi, kwa sababu rilei yake ni ya polepole mno kwa jambo linalokwisha kabla haijajongea. Kazi hiyo ni ya kifaa kidogo cha kwenye reli chenye herufi SPD kwenye lebo. Moyo wake ni kidonge cha oksidi ya zinki ambacho kwa volti za kawaida hakipitishi umeme, lakini volti zikipanda sana hufunguka ghafla na kuupeleka mshindo kwenye ethi, yaani waya unaoingia ardhini. Kila mshindo mkubwa hukichosha, na ndiyo sababu kina kidirisha kinachoonyesha kijani kikiwa kizima na chekundu kikiisha. Nunua chenye kidonge kinachochomolewa, ili siku kikiwa chekundu ubadilishe kidonge pekee.

Lebo isomwe kwa makini. Aina ya 2 inatosha nyumba isiyo na fimbo ya radi juu ya paa. Yenye fimbo inahitaji aina ya 1, au ile iliyoandikwa 1+2. Volti ambayo kifaa huvumilia muda wote, Uc, isipungue 275, na katika mitaa yenye umeme mkubwa wa mara kwa mara 320 ni salama zaidi. Volti inayobaki kuvifikia vyombo wakati wa mshindo, Up, isizidi kilovolti 1.5. Kiloampea 40 zilizoandikwa kwa herufi kubwa, yaani ukubwa wa mshindo ambao kifaa huweza kuubeba, hazipaswi kumpumbaza mtu, kwa maana ufungaji mbaya huziharibu zote: kila mita ya waya kati ya kifaa na ethi huweza kuongeza volti 1,000 hivi wakati wa mshindo, kwa hiyo waya zake zote kwa jumla zisizidi nusu mita na zisikunjwe.

Bila ethi kifaa hiki hakina pa kuutupa mshindo, na hapa ndipo nyumba zetu nyingi zina kasoro. Fimbo ya ethi imechimbiwa kwenye mchanga mkavu, au waya wake umekatwa wakati wa kupaka rangi na hakuna aliyejali kwa kuwa taa ziliendelea kuwaka. Tabia ya kuchokonoa tundu la juu la soketi, ambalo ni la ethi, kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie inatosha kuonyesha tunavyoichukulia ethi. Mwite fundi mwenye leseni ya mamlaka ya nishati, yaani EWURA kwa Tanzania au EPRA kwa Kenya, aipime kwa mita kabla hujanunua chochote cha nafasi hii. Kishoka, yaani fundi asiye na leseni, atakwambia ipo kwa kuangalia rangi ya waya. Kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria na wa Kivu, ambako Kabare karibu na Bukavu ni miongoni mwa mahali panapopigwa radi zaidi duniani, ningeipandisha kinga hii iwe sawa na ya kwanza. Hata hivyo radi ikipiga nyumba yenyewe hakuna kifaa cha dukani kitakachotosha, na waya wa dishi au antena huingiza mshindo bila kupita mein switchi kabisa, hivyo wingu likianza kunguruma kwa mbali chomoa vyote.

Nafasi ya tatu: stabilaiza

Stabilaiza hainunuliwi kwa hofu, hununuliwa kwa kipimo. Ikiwa mita inaonyesha volti chini ya 185 kila jioni, kikata volti kitakuwa kinazima friji usiku kucha, na hapo stabilaiza inastahili fedha yake. Usiifunge kwa televisheni kabla ya kusoma lebo ya nyuma, kwani nyingi za kisasa, pamoja na chaja za simu na kompyuta mpakato, zimeandikwa volti 100 hadi 240 na hazina haja nayo. Chagua inayopokea kuanzia volti 140, yenye kukata umeme mkubwa na yenye kusubiri. Ukubwa uwe mara kadhaa ya wati za friji, kwa sababu ya ampea za kuanzia: friji ya wati 150 ipewe stabilaiza ya VA 1,000 (VA ni kipimo cha uwezo wake). Ibebe pia mkononi, kwa maana iliyoandikwa 2,000 lakini nyepesi kama redio haina shaba ya kutosha ndani.

Zinazofuata

UPS, kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme ukikatika, ni ya kompyuta ya mezani na ruta, si ya friji wala printa ya leza, na betri yake hubadilishwa baada ya miaka michache. Ekstensheni ya kuzuia mshindo naiweka mwisho. Inafaa kama nyongeza karibu na televisheni ikiwa imeandikwa joule 1,000 au zaidi (nishati ya mshindo inayoweza kuimeza), ina taa ya pekee ya kuonyesha kinga bado ipo, na soketi inayochomekwa ina ethi. Ile yenye taa nyekundu ya swichi pekee inaonyesha kwamba umeme upo, basi. Na nyutro ikikatika, hata ile nzuri itapata moto hadi kuungua, kwa sababu kidonge chake hakikutengenezwa kuvumilia volti 400 kwa dakika nzima; mwenye nayo bila kikata volti asiiweke nyuma ya pazia wala chini ya zulia.