Pikipiki kuukuu Malindi: ipi uiwahi, ipi uiachie chumvi

Ukiwa na shilingi 80,000 mfukoni, usitafute pikipiki ya 80,000. Tafuta ya 55,000, au 60,000 ikizidi sana. Zinazobaki ni za spea, fundi, bima na karatasi. Anayemaliza zote kwa muuzaji huonekana wiki ya pili akiisukuma kutoka Barani hadi Maweni, kofia ya chuma mkononi.

Miongozo ya bara haisemi lolote juu ya chumvi, na hapa chumvi ndiyo adui wa kwanza. Injini iliyochoka hufunguliwa, silinda ikachongwa, ikatiwa pistoni na ringi mpya, safari ikaendelea. Fremu iliyoliwa na kutu kwa ndani haina fundi. Ndiyo maana orodha hii haikupangwa kwa kasi wala kwa nguvu. Imepangwa kwa upatikanaji wa spea hapa mjini, urahisi wa kuitengeneza kwa spana za kawaida, na mahali ilipokuwa ikilala.

Karatasi kwanza

Mwenye jina kwenye logibuku, hati ya umiliki, ndiye wa kuongea naye, si "ndugu yake". Umiliki huhamishwa mtandaoni, kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali: muuzaji anaanzisha kwenye akaunti yake, nawe unakubali kwenye yako. Nyote mnahitaji akaunti na PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi. Ukisikia "mimi niliinunua kwa fulani, naye fulani aliinunua kwa mwingine", jua kwamba mwenye jina huenda yuko mbali na hana haja nawe.

Kwenye mfumo huohuo unaweza kuomba rekodi ya pikipiki kwa nambari yake ya usajili. Ilipie, hata kama muuzaji ni jirani. Boda nyingi zilinunuliwa kwa mkopo, na jina la mkopeshaji likiwa bado limo, deni linaifuata pikipiki. Kisha linganisha nambari mbili kwa macho yako: ya chesi, iliyogongwa kwenye shingo ya fremu chini ya usukani, na ya injini, iliyo ubavuni mwake chini. Nambari iliyokwaruzwa, au iliyopakwa rangi mpya pale tu, ni sababu ya kuondoka bila kubishana. Toa arubuni kwa maandishi, umalizie malipo uhamisho ukishakubaliwa.

1. Boxer 100 ya mtu binafsi

Bajaj Boxer ya 100, si ya 150, iliyokuwa ya mwalimu, mwenye duka au mfanyakazi wa hoteli anayekwenda kazini na kurudi. Injini yake ni sentimita za ujazo 99.27, hupozwa kwa hewa, na ina gia nne. Ni nyepesi, kwa hiyo ikikulalia mchangani unaiinua peke yako. Plagi, kebo ya klachi, viatu vya breki, gaskiti: vyote unavipata karibu kila duka la spea. Mlimani na mzigo huichosha, lakini Malindi kuna mlima gani?

2. TVS HLX, ya 100 au 125

Imekaribiana sana na ya kwanza. Haili mafuta, na ya 125 inabeba watu wawili hadi Gongoni bila kulia. Tumeiweka ya pili kwa sababu moja tu: ukienda ndani, upande wa Kakoneni, fundi wa kando ya barabara ana uwezekano mkubwa wa kuwa na kipande cha Boxer kuliko cha HLX.

3. Boxer 150 iliyokuwa boda

Hii ndiyo utakayoonyeshwa zaidi, na ndiyo yenye mitego zaidi. Pikipiki yenyewe ni ngumu na spea ni tele. Taabu ni kazi iliyofanya: abiria wawili nyuma, magunia ya makaa, mikungu ya madafu, kutoka alfajiri hadi usiku. Kipimo cha kilomita usikiamini, maana mara nyingi kebo yake imekatika zamani au imechomolewa. Angalia vinavyoguswa na mwili. Mpira wa kukanyagia uliobaki chuma kitupu na kiti kilichoshonwa mara tatu husema ukweli kuliko mwenyewe. Ikubali ikiwa fremu ni nzima na bei imeshuka kiasi cha kulipia injini kufunguliwa.

4. Za Kichina za 125 na 150

Majina ni mengi, injini karibu ni moja: ile ya vijiti vya kusukuma vali, ambayo asili yake ni Honda CG125 ya miaka ya 1970. Ni rahisi kujifunzia ufundi, kwa kuwa haina cheni ya taimingi inayolegea na spea ni za bei ya chini. Udhaifu huwa kwenye vilivyoizunguka: nyaya za umeme nyembamba, kromu inayobanduka msimu mmoja, rimu laini. Ukiwa na subira ya nyaya, nunua. Ukitaka kupanda na kwenda, rudi juu kwenye orodha.

5. Yamaha za DT na AG zilizokuwa za miradi na ofisi

Zinapendeza, ziko juu, na mchanga haziujali. Lakini nyingi ni za mipigo miwili, zinataka oili ya kuchanganyika na petroli, na spea halisi huagizwa. Si pikipiki ya kwanza hii.

6. Yoyote iliyofanya kazi kwenye chumvi

Ukanda wa Gongoni hadi Marereni una mashamba ya chumvi, na pikipiki iliyobeba magunia huko imeoshwa kwa maji ya chumvi bila mwenyewe kukusudia. Bei yake itakuwa tamu. Iache. Vivyo hivyo ile iliyolala miaka kwenye nyumba ya ufukweni, hata kama kilomita zake ni chache. Chumvi huvuta unyevu wa hewani, hivyo kutu hufanya kazi usiku kucha hata pasipo mvua.

Namna ya kuikagua

Nenda asubuhi, na umwambie muuzaji mapema asiiwashe. Ukifika gusa injini. Ikiwa tayari moto, kuna tabia ya kuwaka inayofichwa.

Toa kiti, toa betri. Trei ya betri ndiyo mahali pa kusoma fremu, kwa sababu maji ya chumvi na tindikali hukutana hapo. Chukua bisibisi, ugonge kwa mpini kutoka shingoni kushuka hadi mahali injini ilipofungwa, kisha chini ya kiti hadi mahali shokomzoba za nyuma zilipofungwa. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholiwa hutoa sauti ya kibuyu, na vumbi jekundu hudondoka kwenye matundu ya kupitishia maji. Sumaku ndogo isiyoshika mahali penye rangi inakuonyesha palipojazwa puti. Kutu ya juu juu kwenye boliti si kitu. Weldi mpya kwenye shingo ni kitu kikubwa.

Sasa piga kiki. Mguu uhisi ukinzani. Ukishuka kama unaokanyaga godoro, mgandamizo umepotea. Moshi wa buluu unaotoka mara tu inapowaka kisha ukaisha mara nyingi ni sili za vali, kazi ndogo. Wa buluu unaoendelea ukikoleza mafuta ni ringi au silinda, na hapo punguza bei kwa gharama nzima ya kuichonga. Mweusi ni mafuta kuzidi au kichujio cha hewa kilichojaa vumbi. Fungua kifuniko cha oili: rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia ndani.

Inua gurudumu la mbele, uzungushe usukani polepole. Ukikwama kidogo katikati, beringi za shingo zimekufa. Shika gurudumu la nyuma, ulisukume kushoto na kulia: likicheza, ni beringi au bushi za mkono wa nyuma unaoshika gurudumu. Mwisho tazama sproketi. Meno yaliyopinda na kuchongoka kama ya papa yanataka seti nzima, cheni na sproketi zote mbili. Cheni mpya juu ya meno mabovu huliwa upesi.

Kuitengeneza, kwa mpangilio huu

Breki na matairi kabla ya injini, hata kama injini ndiyo inayokuwasha mikono. Viatu vya breki vya mbele na nyuma vibadilishwe pamoja, na ngoma ipigwe msasa. Tairi lenye nyufa ubavuni halifai hata kama lina meno.

Kisha tanki. Mulika tochi ndani. Ukiona rangi ya udongo, lifungue, umwage petroli yote, ulisuuze kwa maji ya sabuni hadi harufu ya mafuta iishe, ulijaze siki nyeupe na kuliacha saa 24. Suuza, zungushia maji yenye magadi kuua asidi, suuza tena, likaushe juani saa hiyohiyo na kulipaka oili kidogo ndani. Weka kichujio kipya kwenye mpira wa mafuta. Ukiruka hatua hii, kabureta utakayoisafisha leo itaziba kesho.

Kwenye kabureta, jeti ndogo ya mwendo wa chini ndiyo inayoziba kwanza, na ndiyo sababu pikipiki huwaka kwa choki tu halafu ikazima ikiachiwa mwendo wa chini. Ipitishie uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme. Sindano ya chuma hupanua tundu, na chelewa ya ufagio hukatika humo ndani.

Oili iwe 20W-50 ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Klachi ya pikipiki hizi huogelea kwenye oili ya injini, na baadhi ya oili za gari huifanya iteleze. Imwage injini ikiwa na joto, tia mpya, endesha kilomita 300, umwage tena ili uchafu wa zamani utoke. Baadaye kila kilomita 2,000 inatosha. Plagi mpya, nafasi milimita 0.7. Vali zipimwe injini ikiwa baridi kabisa: nyingi za aina hizi hutaka kati ya milimita 0.05 na 0.10, na kila modeli ina namba yake. Vali zilizobanwa sana hufanya pikipiki igome kuwaka asubuhi, watu wakailaumu betri.

Betri yenyewe ipime kwa mita: volti 12.6 ikiwa imetulia na imejaa, na kati ya 13.5 na 14.5 ukikoleza. Ikibaki 12 huku injini inanguruma, betri mpya itakufa vilevile, tafuta hitilafu kwenye rektifaya, inayogeuza umeme wa injini uchaji betri, au kwenye nyaya. Fungua kila kiungo cha waya, kwangua kutu ya kijani, paka grisi. Waya wa ethi unaoshika fremu usisahaulike.

Cheni ilegee milimita 20 hadi 30 katikati, ukiwa umeipaka oili.

Na maji ya kuoshea yawe ya mfereji. Visima vingi karibu na bahari ni vya chumvi, na pikipiki inayooshwa kwa maji yake kila Jumamosi huoza haraka kuliko isiyooshwa.